Dudumizi Viganjani Mwangu

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: mtu akiiga sauti ya ndege mpaka jirani akaamini mvua inakuja, amefanya sanaa au amesema uongo? Nikijijibu kwamba ni sanaa, naliona shamba la jirani na vishimo vyake vitupu. Nikijijibu kwamba ni uongo, najiuliza mbona naona fahari. Mimi ni mtu wa kugeuza jambo moja mpaka liungue pande zote mbili.

Ndege mwenyewe ni dudumizi. Huku Mitole humwoni mara nyingi. Anajificha kichakani na mabawa yake ya rangi ya kutu, kisha anatoa sauti nzito inayoanza juu na kuporomoka, du-du-du-du-du, kama maji yanayotoka kwenye kibuyu chenye shingo nyembamba. Watu husema akilia sana, mvua iko njiani. Aliyeanika makopa ya muhogo hutoka kutazama mawingu.

Nilirudi nyumbani na shahada ya muziki, nikakaa kusubiri kazi. Kusubiri kuna kelele zake kichwani. Nilipochoka kukisikiliza kichwa changu, nikaanza kusikiliza kichaka. Mama mkubwa, yaani dada yake mama, anaongoza kikundi cha akina mama wanaopiga ngoma harusini, nami nilikuwa mtikisa manyanga wao. Akaniambia nitunge wimbo mpya, tumealikwa harusi Kilwa Kivinje. Nikautunga kuanzia kwa dudumizi: nakunja viganja pamoja, napuliza katikati ya vidole gumba, sauti inaporomoka, na pale inapotua, ngoma ndogo, chapuo, inaidaka na kuendelea na mwendo uleule. Ndipo maneno yanaingia, bibi harusi akiitwa kama mvua inavyoitwa.

Nilikuwa naona haya kupuliza mbele ya watu. Kwa hiyo nikawa nafanya mazoezi alfajiri, peke yangu, ndani ya vichaka nyuma ya nyumba.

Ng'ambo ya mikorosho yetu analima mzee ambaye sote tunamwita babu. Huku baadhi ya watu hupanda mahindi kwenye udongo mkavu, ili mvua ya kwanza izikute mbegu ziko ardhini. Ni bahati nasibu, na mtu hutafuta dalili kabla hajazifukia. Babu aliipata dalili yake asubuhi baada ya asubuhi. Akapanda shamba zima. Mvua haikuja. Walikuja kanga wa porini, wakafukua.

Nadhani alianza kushuku aliposikia dudumizi yuleyule akikosea, akaacha, akaanza upya. Alitukuta uani tukiwa kwenye mazoezi ya kikundi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ni wewe?"

"Mimi nini, babu?"

"Usinizungushe, msomi. Dudumizi wa alfajiri ni wewe?"

Mpiga chapuo wetu akacheka mpaka akailalia ngoma. "Babu! Kumbe ulikuwa unalimishwa na binti!"

Yeye hakucheka. Akamgeukia mama mkubwa. "Sauti ile si ya kuchezea. Wengine ndiyo tunayolimia."

Mama mkubwa hapendi ugomvi na jirani. Akakata shauri palepale: wimbo utaimbwa, ndege atoke. "Tutaanza na chapuo, mwanangu. Harusi haitapungukiwa."

"Itapungukiwa ndege," nikasema.

"Basi na apungue!"

Kawaida mimi hunyamaza, halafu jibu zuri linanijia siku mbili baadaye nikiwa nafua. Siku ile lilikuja kwa wakati. "Babu, samahani. Dudumizi wa kweli naye analia na jua linawaka vilevile. Akikosea, huwa mnamwita barazani?"

"Yule ni ndege. Hajui."

"Na mimi sikujua kama unanisikiliza. Sikumwambia mtu apande."

Mama, aliyeketi karibu yangu, alinifinya mkono. Babu akaondoka bila kuaga.

Mawingu yalipokusanyika kweli, nilichukua jembe nikaenda kumsaidia kupanda upya. Nilimweleza kwamba nimekuja kwa sababu ni jirani na mgongo wake mbovu, si kwa sababu nimekubali kosa. "Lima basi," akasema. Tulifika katikati ya shamba, dudumizi akalia bondeni. Babu akasimama, akanitazama mikono.

"Niko hapa, babu. Nimeshika jembe."

Alisikiliza mpaka sauti ikaisha. "Sasa mimi nimwamini nani?" akauliza, na hasira yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa.

Neno hilo lilinichoma kuliko la uani. Nililibeba siku nyingi. Huenda kweli nimemnyang'anya dalili yake. Huenda kuna sauti ambazo mtu hana haki nazo. Halafu nikawafikiria wanawake wa kwetu bondeni kwenye mpunga, wakiwa juu ya dungu, kile kichanja cha kuamia ndege. Ndege wakitua, wanapaza sauti. Ndege wakiruka, wananyamaza. Nyimbo zao zina mapengo, na mapengo yale yamekatwa na ndege. Mama anapotwanga, wimbo wake unakwenda kwa hatua za tetere, yule njiwa wa porini, naye hajawahi kufikiri kwamba ameazima kitu. Tangu lini nyimbo zetu zikawa za binadamu peke yao? Hakuna aliyewaambia akina mama wale wamtoe ndege. Nimeambiwa mimi, kwa kuwa nilimpuliza mpaka akaaminika. Ningeiga vibaya, wangenipigia makofi na kunipa soda.

Nilichokataa, basi, ni kujificha. Nikaacha kwenda vichakani. Nikawa nafanya mazoezi saa sita mchana, nimesimama kando ya barabara, kila mtu ananiona. Vijana wa bodaboda wakanibatiza jina la ndege. Babu alipopita nilimwambia, "Ukimsikia anafuatwa na ngoma, ni mimi. Usipande." Akasonya. Lakini alipunguza mwendo.

Mama mkubwa hakubadilisha uamuzi. Hata siku ya harusi, tukishuka kwenye gari Kivinje na ngoma zetu, alinirudia: "Chapuo kwanza. Umenisikia?" Nilimwambia nimemsikia. Ilikuwa kweli, nilikuwa nimemsikia.

Alasiri ile uwanja ulijaa akina mama wa sare moja ya kanga, bibi harusi ameketi kwenye mkeka, uso umefunikwa. Kichwa kikaanza kazi yake. Je, wakicheka? Je, mama mkubwa asiponisamehe? Je, mikono ikitoa upepo mtupu? Mama mkubwa akampa ishara mpiga chapuo.

Nikaweka manyanga chini.

"We mtoto," mama mkubwa akasema bila kufungua meno.

Nikakunja viganja mbele ya wote, nikapuliza. Mpiga chapuo, ambaye mikono yake ilikuwa tayari juu, aliizuia hewani mpaka sauti ikaporomoka yote. Ndipo akapiga.