Fundi Aliyemfuta Mama Yake

Redio yenye mkwaruzo haikutoka kwenye meza ya fundi Luhende. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake kwa miaka thelathini na moja, tangu alipofungua kibanda chake Igoma, na hakuwahi kuivunja, si kwa mteja mwenye haraka wala kwa ndugu. Ukimwambia, "Fundi, nipe hivyo hivyo, nitavumilia," alikujibu bila kuinua macho: "Utavumilia wewe. Jina litakalotukanwa ni langu."

Sheria ya namna hiyo inastahili sifa. Siku hizi mafundi wengi hufunga kifuniko kazi ikiwa nusu, wakapokea chao na kuzima simu. Luhende hakuwa mtu wa kundi hilo. Kosa lake lilikuwa jingine: aliamini kwamba kila kinachokwaruza kimeharibika, na kwamba kila kilichoharibika ni yeye anayeombwa kukitengeneza.

Jumatatu moja binti yake, Hellen, aliingia kibandani na kanda ya kaseti ndani ya bahasha. Hellen ana bendi, inaitwa Bati la Bibi. Wako watatu: yeye na gitaa, na vijana wawili, mmoja wa kuimba na mwingine wa kupiga ndoo na sufuria. Albamu yao ya kwanza, nyimbo kumi, walikuwa wameirekodi Bujora, sebuleni kwa Bibi Odeta, mama mzazi wa Luhende, kwa redio kaseti ya bibi huyo huyo, iliyonunuliwa enzi pamba ilipokuwa pamba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Studio zote za Mwanza zimefungwa?"

"Ziko wazi, baba. Ila huko kila bendi inatoka na sauti moja. Sisi tulitaka pasikike mahali tuliporekodia."

"Kwa hiyo mmerekodi nyumba."

"Ndiyo!" Hellen alifurahi, akidhani ameeleweka.

Alikuwa na maombi mawili. Baba aipige kanda kibandani, wateja wasikilize na kuandika maoni yao katika daftari alilokuja nalo. Kisha, kabla ya Alhamisi, aihamishie kwenye flashi kwa mashine yake, kwa kuwa mtangazaji mmoja wa redio alikuwa amekubali kuipiga Jumamosi saa kumi jioni.

"Ni hii moja tu, baba, hatuna nakala. Ihamishe kama ilivyo."

Kama ilivyo. Luhende alikuwa akiyasikia maneno hayo kila siku kutoka kwa wateja, na kila siku aliyapuuza kwa faida yao.

Hellen alipoondoka aliiweka kanda. Ikaanza mvua juu ya bati, dakika nzima ya mvua, halafu gitaa lililosikika kama linapigwa ndani ya pipa. Katika wimbo wa pili jogoo aliwika mara tatu, na hakuna hata mara moja aliyopatia mdundo. Wimbo wa tatu ulikuwa wa kumngoja mtu kwenye kivuko cha Kigongo, mtu ambaye amekwisha kuvuka. Hapo katikati ya kiitikio, pale penye uchungu wenyewe, ilisikika sauti ya Bibi Odeta kutoka uani: "Nani ameacha mlango wazi? Mbuzi wanamaliza mchicha wangu! Nyie watoto, mmesoma mpaka wapi?" Gitaa likasita, mtu akacheka, wimbo ukaendelea.

Mteja wa kwanza kuingia alikuwa dereva wa lori aliyeleta spika. Alisimama mlangoni, akatega sikio, akaangua kicheko. "Fundi, redio yako inakata roho! Kweli mganga hajigangi."

Neno hilo lilimchoma Luhende pabaya. Lilimfuata nyumbani, likakaa naye mezani, likala naye ugali.

Jumanne watu wengine wakaja, wakasikiliza, wakaandika. Masele, mshona viatu wa kibanda cha pili, alirudi mara tatu. "Fundi, rudisha nyuma pale kwa bibi," aliomba, na Luhende akaona anakejeliwa. Daftari hakulifungua. Ndani yake mlikuwa na maoni kumi na moja. Yeye alikuwa ameshika lile moja lililosemwa kwa mdomo na mtu ambaye hata kukaa hakukaa.

Jumatano alifunga mlango, akaifanya kazi. Aliingiza nyimbo zote kwenye kompyuta, akatoa mvua. Akamtoa jogoo. Alipofika kwa mama yake alisita kidogo, kwa heshima, kisha akamtoa naye. Gitaa alilitoa kwenye pipa, likawa linalia kama gitaa la kwaya ya kanisani. Kisha akajaza flashi. Kwa kuwa alishika pia desturi ya kumrudishia mteja kitu chake kile kile, kikiwa kimepona, akarekodi nyimbo safi juu ya kanda ile ile. Zile chafu akazifuta kwenye kompyuta, maana nani anatunza taka alizofagia? Alilala usingizi wa mwenye haki. Alhamisi Hellen alipita mbio, akachukua flashi na daftari, akaipeleka flashi redioni bila kuisikiliza; kanda akaiacha kwa baba.

Jumamosi familia ilikutana Bujora kusikiliza. Bibi Odeta alikuwa amewatangazia majirani na jumuiya nzima kwamba anatoka redioni. Alivaa kitenge cha Pasaka, akakaa kwenye kiti cha mbele, na mbuzi walikuwa wamefungwa kamba kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe. Mtangazaji alisema atapiga wimbo wa tatu. Bibi akainua mkono watu wanyamaze.

Wimbo ukaja laini, umenyooka. Kiitikio kikafika. Bibi akasogea mbele kwenye kiti, midomo tayari ikiyatamka maneno yake. Kiitikio kikapita.

"Niko wapi?" aliuliza.

Hellen alikuwa anamtazama baba yake.

"Luhende. Niko wapi?"

"Nimeisafisha, mama. Kulikuwa na kelele."

"Kelele gani?"

"Kelele tu, mama. Mvua, jogoo..."

"Na mimi?"

Luhende alitazama mbuzi.

"Nilikubeba miezi tisa," alisema Bibi Odeta mbele ya jumuiya yake, "nikakuzaa, nikakusomesha ufundi, ili unipange foleni moja na jogoo!"

Redioni mtangazaji alikuwa anapokea simu. Msikilizaji wa Nyegezi alisema sauti ni safi. Wa pili aliuliza matokeo ya mpira. Wa tatu hakupatikana.

"Kanda yenyewe iko wapi, baba?" Hellen aliuliza polepole. Luhende akaeleza. Alieleza vizuri, hatua kwa hatua, kama fundi, na kila hatua ilizidi kuwa mbaya ikisemwa kwa sauti.

Hellen hakulia. Alitoa daftari kwenye mkoba, akasoma mbele ya watu. Getruda, mama lishe, alikuwa ameandika: "Gitaa linasikika kama liko ndani ya sufuria. Na mimi maisha yangu yamo ndani ya sufuria. Nimelipenda." Mwalimu mstaafu aliandika: "Nidhamu ya kurekodi ni mbovu sana. Nimesikiliza mara nne ili kuhakikisha." Na Masele: "Wimbo wa tatu, yule bibi ananigombeza mimi. Niliporudi nyumbani nilifunga mlango."

"Ona!" alisema Bibi Odeta. "Mtu wa Igoma amefunga mlango kwa ajili yangu."

Wiki iliyofuata walijaribu kurekodi upya. Luhende alikaa kwenye kona, mikono mapajani. Bisibisi ilikuwa imebaki Igoma kwa amri ya Hellen. Mvua haikunyesha. Jogoo alikuwa ameliwa na wageni Jumamosi ile ya redio. Kwenye kiitikio wakafungua mlango makusudi, mbuzi wakaingia mchichani. Bibi Odeta akatoka, akawaangalia, akasema kwa upole wa kanisani, "Jamani mbuzi, tokeni."

"Bibi, gombeza kama siku ile," Hellen alimsihi.

"Mimi sigombezi kwa kuagizwa. Siku ile nilikuwa na hasira ya kweli."

"Na sasa huna hasira?"

"Ninayo. Lakini si ya mbuzi."

Mtu mwenye kanuni hana budi kuuliza kwanza kama kilicho mbele yake kimeletwa kutengenezwa. Luhende hakuuliza, na hata alipoambiwa hakusikia. Kibanda bado kiko wazi, na redio zake bado hazikwaruzi.

Kutouliza huko kulimgharimu kanda moja ambayo haitapatikana tena. Kulimgharimu pia mama yake, ambaye mpaka leo, mwanawe akimwamkia shikamoo, huinua kidole kimoja kuonyesha kwamba amesikia, na marahaba haitoi.