Mafuta ya Kuchanganya

Nilikuwa nimeapa kutoliandika jambo hili, lakini juzi Bibi Mwanaidi wa Kwale alinitumia salamu akiuliza kama gari langu la sasa nalo hupenda asumini, na nikaona kwamba aibu ambayo wenzangu wameichekea kwa zaidi ya miaka ishirini haifichiki tena. Basi nisimulie mwenyewe, angalau nipunguze chumvi waliyoitia wao.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Nilikuwa nimerudi Msambweni kutoka chuo kikuu na vitu vitatu: shahada, miwani, na gari dogo nililouziwa na mhadhiri mmoja aliyekuwa akirejea kwao Ulaya. Gari lile lilikuwa na injini ya mipigo miwili, aina iliyovuma sana siku zile kwenye mashindano ya magari, na iliyowagawa wapenda magari wa pwani yetu kuliko uchaguzi wowote. (Vijana wa Diani leo wanagombana kuhusu kabureta na injini zinazopuliziwa petroli kwa kompyuta, wakidhani ugomvi huo wameuanzisha wao.) Injini ya kawaida ina oili yake chini, unachomoa kijiti unapima. Yangu haikuwa na kijiti. Oili iliingia humo humo kwenye tangi pamoja na petroli, vikaungua pamoja, gari likatoa moshi wa samawati na mlio wa cherehani iliyokasirika. Lakini kwenye kilima, wallahi, lilikuwa likipanda.

Mkuu wa upande wa pili alikuwa Ami Salimu, ndugu yake baba, dereva mstaafu wa lori za barabara, mwenye gari jeusi la silinda sita, zito kama kabati la nguo. Kila jioni barazani kwake hukumu ilikuwa moja: "Injini isiyokuwa na kijiti cha kupimia oili si injini, ni jiko." Nami ningemjibu kwa dakika arubaini, kwa michoro.

Sasa, kosa langu halikuwa gari. Kosa langu lilikuwa neno. Nilikuwa nimeamua, kwa heshima ya uhuru, kwamba sitasema tena "oili." Kwa nini tuazime neno la watu ilhali tuna neno letu zuri, mafuta? Niliwasahihisha mafundi, niliwasahihisha madereva, nilimsahihisha hata Ami, ambaye alinitazama tu akasema, "Haya, msomi."

Ndipo ikaja harusi ya Bakari, mwana wa Ami na rafiki yangu tangu chuo cha Kurani kwa maalimu. Nikaha ilikuwa Kwale, mara baada ya sala ya alasiri. Mwezi wa Ramadhani ulitazamiwa kuandama kesho yake, na shehe wa kufungisha alikuwa na safari ya kuwahi kivuko kabla ya magharibi. Juu ya hayo, baba yake bibi harusi Mwanaidi, ambaye hakuwahi kumpenda Bakari hata kwa bahati mbaya, alikwisha kutamka kwamba akikosa siku hii hatapewa nyingine. Kwa hivyo Bakari alitakiwa kufanya jambo moja tu: kufika.

Ami akasema bwana harusi atapanda silinda sita. Mimi nikasema barabara ya kupanda Kwale inataka injini nyepesi, ya kisasa, nikaleta na michoro. Bakari, maskini, akanichagua mimi. Ami hakugombana. Alisema tu yeye atatangulia na wanawake na sinia la zawadi, "ili walau mtu mmoja wa ukoo huu aonekane."

Mchana ule nyumba nzima ilikuwa mbio. Nilikuwa nimeiacha chupa yangu ya oili ukumbini, nami nimekwisha kuvaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, sikutaka kuishika. Nikaita mlangoni:

"Shangazi Mwanasiti, naomba ile chupa ya mafuta."

"Mafuta yapi, mwanangu? Nyumba hii leo yote ni mafuta."

"Yale ya kuchanganya."

"Ahaa! Ya kuchanganya!" akasema kwa furaha, akanitolea chupa nyeusi imezibwa kwa karatasi, nami nikaiweka chini ya kiti bila kuitazama.

Msomaji wa pwani amekwisha kujua. Kwetu mafuta ya kuchanganya ni mafuta ya nazi yaliyolazwa na maua ya asumini na mkadi, ya kumpaka bibi harusi. Shangazi aliyaandaa kwa siku tatu. Akadhani nimepewa kazi ya kuyapeleka, akanikabidhi. Na chupa yangu iliyobaki ukumbini, nyeusi kama ile, mtu mwingine aliyeona kwamba sinia halina mafuta akaitia humo.

Ukunda nikasimama kwenye pampu. Watu walilizunguka gari, nami nikaanza somo la mipigo miwili. Mwenye pampu, mtu wa bara, akaichomoa chupa chini ya kiti, akaniuliza, "Hii ndiyo oili ya kuweka?"

"Mafuta, ndugu. Tuko huru, tuseme Kiswahili."

Akaizibua chupa, akavuta pumzi. "Lakini mzee, hii inanukia."

"Mashine ya kisasa, vitu vya kisasa," nikamwambia, nikaendelea na somo. Akaimimina yote.

Tulipofika Tiwi Bakari alianza kunusa.

"Hamisi, kuna harusi nyingine njia hii?"

"Kwa nini?"

"Nasikia asumini."

"Ni wewe huyo."

"Mimi nimefukizwa udi." Akainusa kanzu yake, akanusa kofia, kisha akageuka akatazama nyuma. "Hamisi, moshi wako umekuwa mweupe."

Nikamweleza habari za unyevu wa hewa. Tulipoiacha barabara kuu pale Kombani tuanze kupanda, asumini ilikuwa imekwisha kuungua, ikabaki harufu ya nazi iliyoshika chini ya sufuria. Injini ikakohoa mara moja, ikakohoa mara ya pili, na katikati ya kilima, mahali ambapo michoro yangu ilionyesha tutakuwa tunaruka, ikazimika.

Nilifungua boneti. Plagi zilikuwa zimejaa utando kama halua iliyoungua, na kanzu yangu ikapata sehemu yake. Mzee mmoja aliyekuwa akishuka na mzigo wa kuni akasimama, akatusalimu vizuri, akauliza kwa adabu, "Mnakaanga nini, wanangu?"

Bakari hakucheka. Alikaa juu ya jiwe, akitazama kivuli chake kinavyorefuka, akasema kwa sauti ndogo, "Hatanipa siku nyingine, Hamisi. Unamjua." Sikuwa na mchoro wa jambo hilo.

Kilichotuokoa ni kwamba kule Kwale, somo wa bibi harusi, yule mama anayemfunda na kumpamba, alikuwa amezibua chupa ya kwenye sinia na kumpaka Mwanaidi mkono mzima kabla hajagundua kinachonuka. Shangazi Mwanasiti alipoinusa alipiga ukelele, akajua ya kwake iko wapi, na Ami akaligeuza kabati lake, akateremka nalo kutufuata.

Alishuka garini na chupa ya sinia mkononi. Shangazi na mama mwingine walikuwa wamekaa nyuma.

"Hamisi, hii ni nini?"

"Mafuta, Ami."

"Mafuta gani?"

Nikaanza kuifuta miwani.

"Yaite kwa jina lake."

"Oili."

"Sema tena, walioko nyuma wasikie."

"Oili, Ami."

Bakari alihamia gari jeusi bila kuniaga, naye Shangazi, aliyekuwa na la kuniambia, akaja kwangu. Wakanifunga kamba. Nilipanda hadi Kwale nikivutwa na silinda sita, mbele ya watu wote waliokuwa wakitoka msikitini, huku Shangazi pembeni yangu akirudia kila baada ya kona, "Nilikuuliza mafuta yapi. Sikukuuliza?"

Shehe alikuwa amekwisha kuvaa viatu. Akavivua tena. Baba wa bibi harusi alitazama saa yake, akatazama kanzu yangu, na nadhani huruma ndiyo iliyomfanya akae. Bakari alijibu "nimekubali" kabla shehe hajamaliza kumwozesha, ikabidi arudie. Kisha kutoka chumba cha wanawake ukaletwa ujumbe wa somo, ukasomwa mbele ya wote: binti yao ni mzima, viungo vyake havipigi kelele, na hahitaji kulainishwa.

Baada ya pilau Ami alivua kanzu, akazisafisha plagi kwa wembe, akalimwaga tangi, akatia petroli na oili kutoka ile chupa ya sinia. Injini ikawaka. Nilingoja dhihaka. Alisimama akiisikiliza kwa muda mrefu, kichwa kimeinama.

"Imekunywa mafuta ya nywele kutoka Ukunda mpaka katikati ya kilima," akasema. "Yangu ingekufa pale pale kwenye pampu." Akafunga boneti taratibu. "Injini haina kosa. Kosa ni mdomo wa mwenyewe."

Tangu siku hiyo sijabishana na mtu kuhusu injini, na nikisimama kwenye pampu yoyote, hapa au ugenini, nasema "oili" kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara.