Siku ya Kuanika Vitabu

Huku juu milimani, ukipandisha kuelekea Shume, kipupwe hakina adabu. Ukungu hupanda kutoka bondeni na kuingia madarasani bila hodi, na ikifika Julai hata chumvi ya jikoni hulowa ndani ya kopo. Vitabu navyo havisalimiki. Majalada hujikunja, kurasa hugandana, na mtu akizembea kidogo atakuta vimeota kuvu.

Ndiyo maana Evelina, mkutubi wa shule moja ya bweni, ana kazi ambayo hakuna aliyempangia. Jua likichomoza, hata liwe la kuibia, humwomba mwalimu wa zamu amwachie wanafunzi wa kidato cha pili. Hao hutoa vitabu maktabani, huketi navyo kwenye nyasi, kisha huvifunua ukurasa baada ya ukurasa ili upepo upite. Amefanya hivyo tangu alipoajiriwa, nywele zake zikiwa nyeusi. Sasa amekaribia kustaafu, ila magoti yake hayakumsubiri, yalishastaafu zamani.

Jumatatu moja mkuu wa shule, Nikodemo, alimfuata maktabani akiwa na uso wa msibani.

"Shikamoo, Mama Alen."

"Marahaba, Mkuu. Karibu kiti."

Hakuketi. Evelina akajua kuna jambo.

"Vile vishikwambi vya kusomea tulivyoahidiwa vimefika," alisema Nikodemo. "Vinataka chumba chenye umeme na nondo madirishani. Chumba cha hivyo tunacho kimoja tu, mama, ndicho hiki."

"Na vitabu?"

"Vitakaa stoo."

Stoo ya shule iko nyuma ya jiko. Ndimo yanamokaa maharage na mahindi, haina dirisha, na mvua ikinyesha ukuta hutoa maji. Kitabu kitakachoingia mle hakitaona kipupwe cha pili. Evelina alimweleza hayo yote, na Nikodemo akamsikiliza kwa heshima, kama anavyomsikiliza siku zote.

"Lakini mama, tuambiane ukweli. Nani anaazima?"

Evelina akaitazama meza tupu. Siku nyingi chumba kile hukaa kitupu, na anayeingia huja kulaza kichwa mezani.

Si kwamba anachukia teknolojia. Mwenyewe jioni hujilaza na simu yake, akakuza herufi zikawa kubwa kama za ubao wa matangazo, akasoma habari mpaka chaji imwishie. Kitabu kinene hajakimaliza siku nyingi, na jambo hilo humtia aibu. Kwenye simu husoma mwanzo wa kila kitu, mwisho wa kitu chochote haufikii. Ugonjwa huohuo anauona kwa wanafunzi: ukiwauliza swali wanakimbilia lilipo jibu, wakishalinakili hawataki kujua lilitoka wapi. Amelisema hilo kwenye vikao mpaka midomo imechoka. Mwalimu anayesema hivyo huambiwa amezeeka, na yeye kweli amezeeka, sasa atabisha nini?

Hata hivyo alijikaza akaomba kitu kimoja. "Mkuu, njoo siku ya kuanika. Uone kwa macho yako, halafu uamue."

Nikodemo akakubali.

Jua likaringa wiki nzima. Lilipotoka, lilitoka kweli, mpaka mabati yakaanza kufuka mvuke. Kidato cha pili wakatandaa kwenye nyasi kwa kelele zao zote, kila mmoja na kitabu chake. Mara kelele zikapungua, kisha zikakatika. Dotto, ambaye darasani hamalizi kipindi bila kutolewa nje, alikuwa amelala kifudifudi anasoma magonjwa ya ng'ombe. Wasichana wawili walikuwa wanasomeana hadithi kwa zamu na kuzibana midomo wasicheke.

Nikodemo alisimama kando muda mrefu, mikono nyuma. Kisha akainama, akaokota kitabu cha jiografia, akakisoma hapohapo akiwa amesimama. Leo nimempata, Evelina akajisemea.

"Mama Alen, sijawahi kuwaona watoto hawa wametulia hivi."

"Nilikuambia, Mkuu."

"Basi umenionyesha mwenyewe." Aliongea kwa furaha, kila mtu akasikia. "Kumbe vitabu havihitaji chumba, vinahitaji jua na nyasi! Vikae stoo, na jua likitoka tutavianika kama leo. Vishikwambi ndivyo visivyoweza kukaa nje. Leo leo tuvihamishe vitabu, wakati vimekauka."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na uso wa mtu aliyepata dawa ya kuwaponya wote wawili, na hilo ndilo lililommaliza Evelina. Mkuu angekuwa mkali, yeye angepambana naye. Aliketi kwenye ngazi, akakasirika, halafu hata hasira nayo ikamchosha. Maboksi yakaletwa, yananuka maharage.

"Haya, kusanyeni," aliwaambia wanafunzi. "Vilivyokauka viingie kwenye boksi."

Hakuna aliyeinuka. Rahma, binti mpole ambaye walimu wengi hata sauti yake hawaijui, alisema huku akitazama nyasi, "Changu bado hakijakauka, mwalimu."

Evelina akainuka kwa shida, akaenda kukishika. Kilikuwa kikavu kabisa, kina joto la jua.

"Na changu bado," akasema Dotto. "Changu ndiyo kwanza kibichi."

Sauti zikazuka kila upande. Changu bado, mwalimu. Na changu. Kila mmoja alikuwa amekikumbatia chake kifuani.

Evelina alijua kitakachotokea akiwaachia. Vikienda mabwenini vitachanika, vitamwagikiwa chai, na nusu yake hatavitia machoni tena. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akipigana na jambo hilohilo. Aligeuka kumtazama Nikodemo, akamkuta ameinamia simu, anatuma picha za wanafunzi wanaosoma.

"Ni kweli," Evelina aliwaambia wanafunzi kwa sauti yake ya kila siku. "Vina maji bado. Nendeni navyo bwenini, kila mtu akifunue chake ukurasa kwa ukurasa, mpaka wa mwisho. Na nisione mtu ananirudishia kitabu kibichi."