Nilitia Sahihi Nikijua Mguu Wake Hautatengenezwa

Nilikosa, na sikukosa kwa kutojua. Naanzia hapo kwa sababu wengi wanaoungama hujificha nyuma ya ujinga, nami kichaka hicho sina. Nilijua kusoma. Nilisoma kila neno, kisha nikafanya nilichofanya.

Wewe hunijui, na ni afadhali. Nitakwambia kama ninayemwambia mtu wa ndani.

Mimi ni mjane wa Bungoma, upande wa Myanga. Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa trekta katika shamba kubwa la mahindi huko Kitale. Nilibaki nyumbani na ng'ombe na watoto. Yeye alikuja mwisho wa mwezi. Mwaka 1983 alioa mke wa pili hukohuko Kitale. Nitamwita Nekesa, ingawa silo jina lake. Nekesa alikuwa amefika kidato cha pili. Mimi sikuwa nimefika popote.

Siku aliyomleta nyumbani, mume wangu aliwaambia wageni kwamba sasa amepata mke asiyesomewa barua zake na jirani. Watu walicheka. Nami nilicheka, nikaendelea kupakua ugali.

Januari iliyofuata nilijiandikisha katika masomo ya watu wazima. Novemba 1987 nilifanya mtihani wa darasa la nane nikiwa na miaka thelathini na minane, chumba kimoja na binti yangu wa kwanza. Nilipita! Ningependa kukwambia kwamba nilisoma kwa ajili ya maendeleo. La. Nilisoma kwa ajili ya Nekesa.

Machi 1989 trela la shamba lilimwangukia Nekesa alipokuwa akimpelekea mume wetu chakula. Mguu wake wa kulia ulikatwa chini ya goti. Mume wetu aliuza ng'ombe wawili, akamnunulia mguu wa bandia katika karakana ya hospitali ya misheni, na risiti ikaandikwa jina la mume. Ng'ombe hao nilikuwa nikiwakama mimi. Hilo nalo nililiweka moyoni.

Agosti 1991 mume wetu alifariki. Matanga yalipokwisha, kwa kuwa mimi ndiye niliyeolewa kanisani, wazee walikubaliana mbele ya chifu kwamba niwe msimamizi wa mali yake.

Februari 1992 mguu wa Nekesa ulipasuka. Ulipasuka kwenye kikombe, pale kigutu kinapoingia. Shamba lile lilikuwa na bima iliyolipia matengenezo ya vifaa vya walioumia pale. Lakini bima haikulipa bila karatasi tatu. Daktari aseme kwamba mgonjwa bado anauhitaji mguu. Fundi aandike kilichoharibika na bei ya kukitengeneza. Na kwa kuwa risiti ilikuwa na jina la marehemu, msimamizi wa mali athibitishe kwamba mguu ni wa mgonjwa mwenyewe, wala si sehemu ya urithi.

Karatasi mbili za kwanza Nekesa alizipata Kitale. Ya tatu ilikuwa mikononi mwangu.

Alikuja Jumamosi, tarehe 7 Machi. Alikuwa ameufunga mguu kwa ukanda wa mpira wa tairi. Alikuwa amekwisha kuiandika barua kwa jina lake mwenyewe, akaniachia chini mahali pa sahihi yangu ya kuthibitisha tu, na pamoja nayo alileta masharti ya bima ili nijionee. Hakuketi mpaka nilipomkaribisha, nami nilichelewa kumkaribisha.

Nilichukua kalamu nyekundu. Nikaisahihisha barua yake kama mwalimu! Palikuwa na kosa moja tu, la jina la kata. Mengine niliyatafuta. Nikaandika pembeni: "Rudia."

"Dada," akaniambia, "si utie tu sahihi? Kigutu kinatoka damu."

"Mambo ya ofisi hayaangalii damu," nikamjibu. "Yana utaratibu."

Alirudi Aprili na nakala safi. Nikamwambia nataka na barua ya chifu. Akaipata siku hiyohiyo. Nikasema muhuri wake haukukolea. Kila mara alikuwa anatoka Kitale, na kutoka barabarani hadi kwangu ni mwendo wa kupanda. Nilikuwa nikimwona tangu chini, namna anavyosimama, anavyoegemea ua wa watu. Sikuwahi kumtuma mtu ampokee.

Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa akingojea nafasi ya chuo cha ualimu, alinifuata jikoni akanisihi. Alisema ni mstari mmoja tu. Nikamwuliza tangu lini amekuwa wakili wa nyumba ndogo.

Mara ya tatu ilikuwa tarehe 16 Mei. Barua ilianza hivi: mimi, mjane wa pili wa marehemu. Neno hilo lilinichoma kuliko moto. Nikamwambia nitatia sahihi siku hiyohiyo akilibadilisha. Aandike kwamba alikuwa mtumishi wa nyumbani wa marehemu, na kwamba alipewa mguu kwa huruma, ukawa wake.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye kosa langu, na sijapata kumwambia kasisi wala ndugu. Masharti ya bima nilikuwa nayo tangu Machi. Nilikuwa nimeyasoma mara mbili. Yalisema wazi kwamba bima ni ya mfanyakazi wa shamba, mke au wake zake, na watoto wake. Mtumishi wa nyumbani hakuwamo. Nilijua kwamba kwa neno hilo moja Nekesa angejitoa mwenyewe katika bima, kwa mkono wake, na hakuna ambaye angeninyooshea kidole.

Nekesa akaniuliza: "Unataka niandike hivyo kweli?"

"Na kwa mwandiko mzuri. Si wewe ndiye msomi?"

Akaandika. Nikamwambia asome kwa sauti. Akasoma, binti yangu akiwa amesimama mlangoni. Nikatia sahihi, nikatia na tarehe. Kisha nikammiminia chai. Ee Mungu wangu, nikammiminia chai, nikajiona mkarimu!

Bima walikataa mwezi wa Juni. Nekesa alipojaribu kupeleka maelezo mengine, walisema hawawezi kupokea maneno mawili yanayopingana kutoka kwa mtu mmoja. Ningeweza kwenda kusema ukweli. Sikwenda.

Alikuwa akiuza mboga sokoni Kitale, na mboga haziuziki mtu akiwa kitandani. Akaendelea kutembea na ule mpira. Kigutu kikawa kidonda, kidonda kikaoza. Novemba walimkata tena, safari hii juu ya goti, na mguu ule wa bandia ukawa hauna tena pa kuvaliwa.

Binti yangu alihamia Kitale kumuuguza. Alipomaliza chuo, aliomba kazi ya ualimu hukohuko. Huku kwangu huja siku za mazishi. Agosti 1996 alipoposwa, wazee wa upande wa mchumba wake walipokelewa Kitale, nyumbani kwa Nekesa, na Nekesa ndiye aliyekalishwa mahali pa mama. Mimi nilialikwa kwa barua, kama jirani.

Wageni walipokwisha kula, nilimfuata nyuma ya nyumba. Alikuwa kwenye kigoda, akipangusa sahani. Nikapiga magoti. Nikamweleza kwamba masharti nilikuwa nimeyasoma, na kwamba nilijua.

Hakuacha kupangusa. "Najua ulijua. Nani aliyekuletea yale masharti? Mimi nami niliyasoma, dada."

Nikamwuliza kwa nini basi aliandika.

"Nilidhani ukinisikia nikiisoma utaona haya. Nilikuwa nakungoja. Hata ulipofungua kalamu, bado nilikuwa nakungoja." Akaiweka sahani juu ya nyingine. "Sasa inuka mwenyewe. Mimi siwezi kukuinua."

Hakusema amenisamehe, nami sitakudanganya kwamba alisema.

Ninyi wenzangu mliosoma mkiwa wakubwa, ninyi mnaoshika kalamu, muhuri au ufunguo wa shida ya mtu mwingine, nawasihi! Akija kwenu mtu anayechechemea, mwandikieni kwanza ukweli wake. Ugomvi wa ndoa una siku zake, na siku hizo ni nyingi. Mimi nililitaka neno "mke" libaki langu peke yangu, na nimelipata. Nalala nalo peke yangu.