Siku Niliyouhamisha Mji wa Espoir

Naomba mnicheke mwanzoni kabisa, mkimaliza ndipo niendelee, maana nikiusimulia mkasa huu huwa nafika katikati natamani kujifunika shuka, na yote niliyatenda mwenyewe, kwa mikono yangu, tena nikitabasamu.

Ilikuwa 2014, Kasulu, nilipokuwa nachapa barua na kutoa fotokopi kwenye steshenari ya Mama Zai (mama mwenye asili ya Ujiji, mkali wa uso tu). Rafiki yangu Espoir, kijana Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kila akipata kibali cha kutoka alikuja kwetu kucheza gemu ya kujenga mji. Shangazi yake aliyeko Ulaya alimnunulia kwenye duka la mtandaoni, tukaiweka kwenye kompyuta ya kona. Wengine walipenda gemu za risasi, yeye anajenga. Miaka miwili anajenga kijiji chao cha Fizi: kanisa, soko, mto, na nyumba yao pale pale ilipokuwa kabla hawajakimbia. Mimi nakaa pembeni, namuuliza, "Hapa anakaa nani?" ananitajia (mpaka leo naweza kuwafikisha kwa mwalimu wa kwaya bila kuuliza njia).

Siku moja akaja kapoa. "Grand, majina yetu yametoka. Lundi tunaenda Amerika."

Grand kwao ni kaka, na Lundi ni Jumatatu. Na wiki hiyo hiyo lile duka la mtandaoni likatangaza kwamba linafunga, wateja wahamishie gemu walizonunua kwenye duka jingine, bure. Nikasema, Mungu kanionea huruma! Nikimhamishia, atafika huko, ataandika neno la siri tu na kijiji chake atakikuta kinamsubiri. Akaunti yake ilikuwa wazi muda wote kwenye ile kompyuta ya kona, nikaamua kumfanyia bila kumwambia.

Sasa mimi, kichwani mwangu, kuhamisha gemu kulikuwa kama kuhama nyumba ya kupanga. Kwetu huwezi kumwachia mwenye nyumba virago vyako, unatoa kila kitu, unafagia, unarudisha ufunguo. Basi duka jipya lilipoandika kwamba nimefanikiwa, nikaiondoa ile gemu ya zamani, nikaona kumebaki kifurushi cha mafaili chenye jina la Espoir, nikajua ni takataka za kuhama, nikafuta, halafu nikamwaga hata lile pipa la taka la kompyuta (nilikuwa nafagia, jamani!). Kisha nikapakua gemu upya kwa modemu, siku mbili nzima, ilipokamilika sikuifungua. Nilitaka afungue kwa mkono wake.

Ningeishia hapo, aibu ingekuwa ya watu wawili. Lakini nilishamwambia Espoir aje Jumamosi na mama yake, mama ambaye hajawahi kuuona huo mji, na nikawaalika vijana wa bodaboda wote wa pale nje. Nikapanga mabenchi. Mama Zai akaleta chai. Mama Espoir akaingia na kitenge chake kizuri, watu wakampigia makofi ya salamu ya Kiha, mwakeye, mwakeye, nami nikasimama mbele kama mheshimiwa nikasema, "Mama, leo unakwenda nyumbani."

Espoir akabonyeza.

Yakatokea majani. Majani matupu, kijani mpaka mwisho wa kioo, na kiboksi katikati kimeandikwa, andika jina la mji wako.

"Fundi," akasema bodaboda mmoja, "huo ni mji au shamba la kijijini Gwarama?"

"Wananchi wameenda mnadani," akadakia mwingine, benchi zima likaanguka kicheko.

Nikahangaika na mausi, nikazima, nikawasha, jasho linanitoka. Mama Zai akaniuliza taratibu, "Mwanangu, umeuweka wapi mji wa watu?" Hapo ndipo nikakumbuka lile pipa, na kile kifurushi chenye jina la Espoir. Nikalia. Mbele ya bodaboda wote, mwanaume mzima na masharubu yangu, nikalia, nikamwambia Espoir, "Nimeufuta. Nilidhani ni uchafu."

Vicheko vikakauka. Espoir akavuta kiti, akachora mto.

"Hapana," mama yake akasema kutoka nyuma. "Mto inakunja mbele ya kanisa. Unasahau?"

Akasogea, akaweka kidole kwenye kioo. "Soko iko huku chini. Hapa njia ya kisima." Na wale wale walionicheka wakaanza kuuliza, mama, shule ilikuwa upande gani, mama, kwa mwalimu wa kwaya je, nikawajibu mimi, mwalimu yuko mkono wa kulia, wakacheka tena, lakini sasa hata Espoir alicheka.

Saa kumi gari la kambini likapiga honi, kibali kimeisha. Walikuwa na kanisa, soko, njia moja, na kiwanja cha nyumba yao ambacho mama alikuwa amekionyesha tu. Nikampa Espoir mafaili kwenye flashi, nakala nyingine nikabaki nayo.

Tangu siku ile sifuti kitu cha mtu kabla mwenyewe hajakaa pembeni yangu akaangalia, hata awe na haraka namna gani. Ule mji naufungua mara moja moja, natembea njia ile moja hadi sokoni, nageuka. Kwenye kile kiwanja sijajenga chochote.