Nyayo za Mutua Mchangani

Nianze na ujinga wenyewe, ndio mcheke mmalize: nikiwa gredi ya tano nilijifunza kukimbia kwa kukanyaga nyayo za mtu mwingine. Nimekumbuka leo kwa sababu bweni lote linanuka dawa ya kuchua. Tumetoka mazoezini, na hata kuvua viatu ni kazi.

Nyayo zilikuwa za kaka yangu Mutua, mrefu kama mlingoti wa bendera, mwanariadha wa shule yake ya upili. Likizoni alikimbia kila asubuhi kwenye mto wa kwetu Kasikeu, ambao karibu mwaka mzima ni mchanga tu. Yeye akienda kunywa chai, mimi naingia. Naruka kutoka unyayo mmoja hadi mwingine, mguu umenyooka, kisigino kinatangulia, meno yanagongana. Nilijiambia nikizipata hatua za Mutua, nimepata na mbio zake. Shule ilikuwa inachagua timu ya kwenda mashindanoni mjini Makindu, kulala huko huko, na mimi sikuwa nimewahi kulala nje ya nyumbani. Niliitaka hiyo safari kuliko Krismasi.

Siku ya mchujo Mama aliacha nyanya zake sokoni akaja kusimama kando ya uwanja. Nikaanza kurusha miguu.

"Wee Kioko, unaruka mitaro gani?" wakaniuliza wale wa nyuma, huku wananipita.

Mwende, kasichana kafupi hivi, akapita miguu ikienda haraka haraka kama cherehani. Raundi ya pili paja likanishika kwa nyuma. Nikalala kwenye vumbi nikiangalia nafasi yangu ikienda na Mwende.

Siku hizi kocha anatupigia makofi tufuate mdundo. Anasema mguu ukitua mbali mbele ya mwili, hiyo ni breki umejifungia mwenyewe. Fupisha hatua kidogo, uziharakishe. Sawa, nimeelewa, ingawa kuchoka nachoka vilevile. Lakini kuna jambo Mama aliniambia jioni ile ambalo nimechelewa zaidi kulielewa. Alikuwa ananikanda paja kwa maji moto, yeye mwenyewe akisinzia, nami namlilia kwamba nimeshindwa kukimbia kama Mutua. Akakamua kitambaa, akasema:

"Mwana wakwa, mwanangu, Mutua nilishamzaa. Wewe nilikuzaa kwa sababu nilitaka mwingine."