Sinema Zangu Ndani ya Boksi la Duka

Nilifika Witeithie nikiwa tayari na hasira, maana kazi ndogo ya kompyuta ilikuwa imeniburuta kutoka Thika kabla ya chai. Nilipoingia kwenye uwanja wa duka la vifaa vya ujenzi nikakuta wapakiaji wanne wakimpiga mlinzi.

Alikuwa mzee mpole kutoka upande wa Kakamega. Grinda mpya, ile mashine ya kukatia chuma, ilikuwa imepotea akiwa langoni, basi wakamwangusha kwenye kokoto. Mmoja alikuwa na mpini wa jembe, mwingine kipande cha nondo, na walipokezana bila kelele, kama watu wanaotwanga mahindi. Damu ilimtoka sikioni. Nimeona watu wengi wakipigwa na bado sijazoea.

Aliyenipigia simu ni mama mwenye duka. Kamera zake huhifadhi picha kwenye boksi la mafaili, kisanduku cha diski kilichoungwa na mtandao wa duka, nililomfungia mimi mwenyewe, na sasa laptopu ya ofisini ilikataa kulifungua.

"Fundi, nionyeshe mwizi ni nani," alisema. "Hawa nimewaambia wangoje, hawanisikii. Labda wakiona picha."

Niliketi. Dirisha lilikuwa wazi na kila pigo lilinifikia. Niliandika jina lake na neno lake la siri, Windows ikakataa. Nikarudia, ikakataa tena. Hapo nikajua kosa ni la nani. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimeingia kwa jina langu na kuiambia laptopu inikumbuke, na Windows haikubali mtu aingie boksi moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja.

Niliingia kufanya nini? Kuweka sinema. Nilikuwa nimejitengenezea folda humo, imejaa filamu za mapigano, kwa sababu diski ya wenyewe ni kubwa na haina kodi. Jina langu lilikuwa na ruhusa zote. Ningebofya mara moja tu picha za kamera zingefunguka, lakini folda yangu ingeonekana kando yazo, na mama alikuwa amesimama mgongoni mwangu.

"Mama, hii password si yenyewe," nilidanganya. "Ile daftari niliandikia iko wapi?"

"Iko kwa gari."

"Ilete."

Alitoka mbio. Nikaingia kwa jina langu, nikaanza kufuta folda yangu. Ule mstari wa kijani unaoonyesha kazi imefika wapi ulisogea polepole nami nikiutukana kimoyomoyo, na huko nje nondo ilitua, ikatua tena, mzee akiomba kwa jina la Yesu, kisha akaacha kuomba. Ningeweza kusimama dirishani nikapiga mayowe. Nilibaki nikiangalia mstari.

Mama aliporudi, folda haikuwepo, nilikuwa nimeliondoa jina langu na la kwake likakubaliwa. Picha zilionyesha mteja wa koti la bluu akiitia grinda kwenye gunia la saruji, halafu akatoka nayo wakati mlinzi anafungulia lori geti. Mama alibeba laptopu hadi nje akawawekea usoni. Wakaangusha walichoshika. Hakuna aliyesema pole.

Tulimkimbiza hospitali kwa pikapu ya duka, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu.

Wiki kadhaa baadaye nilikwenda kumwona chumbani kwake Mwiki. Jicho la kushoto lilikuwa limeondolewa. Mkewe alikuwa amechinja kuku.

"Huyu ndiye alinitoa kwa mdomo wa kifo," mzee alimwambia. Kisha akanigeukia. "Jicho walilitoboa mama wa duka akiwa amekimbilia gari lake, ndugu yangu. Ungechelewa kidogo, wangemaliza na hili lingine."

Nilifungua mdomo nimwambie habari ya ile folda. Mkewe akaniwekea firigisi kwenye sahani, ambayo kwao hupewa mgeni wa heshima. Nikaitafuna yote, nikasema asante.